Jalada la Mzee, Santuri ya Mpishi

Kwako dada mshauri,

Kama umenizidi umri shikamoo, na kama tumelingana basi salamu zikufikie popote ulipo. Naandika huku mtoto kanilalia begani, mkono unaoandika ni mmoja, kwa hiyo mwandiko ukiyumba nivumilie. Nimekwama, dada, na sina wa kumwambia, maana yule ambaye kwa kawaida ningemkimbilia ndiye niliyemkosea, na mwingine aliyebaki ndiye ninayemwogopa, kwa hiyo nimebaki na wewe usiyenijua. Jina langu lisitoke gazetini. Mtoto nitamwita Kidoti, siyo jina lake.

Mimi ni fundi wa mapazia, shule nilisoma ya kawaida tu. Mume wangu anatengeneza meno bandia. Kazi yake simtanii, anaweza kulitazama jino kwa lenzi akasema limepinda kwa unene wa unywele, akalirudia na kulirudia mpaka bibi wa watu acheke bila kuziba mdomo kwa kiganja. Kwa Kidoti pia ni baba, anamwogesha, anamkata kucha akiwa usingizini. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na yote yatakuwa kweli.

Ugonjwa wake ni mmoja. Kuna Mrusi fulani, alishakufa zamani, alitunga simfoni, ule muziki mrefu wa okestra kubwa, watu wazima themanini wamekaa na fidla na matarumbeta na hakuna anayeimba hata neno. Mume wangu anazo santuri za huyo Mrusi, kila moja ndani ya jalada lake la kadibodi, na usidhani kila santuri ina muziki wake, hapana, ni simfoni zilezile zimepigwa upya na okestra hii na ile, mwongozaji huyu na yule, yaani yule anayewapungia kijiti, simfoni ya tano peke yake anayo mara kumi na moja. Kumi na moja, dada! Nilipokuwa mchumba nilimuuliza kwa nini, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Utaelewa." Nina miaka minne ya ndoa, bado nasubiri.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanakuja wenzake. Mmoja ni mfamasia mstaafu, mzee wa kunyoosha kidole kabla ya kusema. Mwingine ni karani wa bima, huyo hana la kwake, anasubiri mfamasia aseme halafu analisema tena kwa sauti kubwa zaidi. Na wa tatu alikuwa kaka yangu, tumbo moja, fundi wa piano, anazunguka mashuleni na kwenye kumbi kukaza nyuzi zilizolegea. Yeye ndiye aliyemleta mume wangu nyumbani kwetu mara ya kwanza, kwa hiyo ukitaka wa kulaumu ndiye huyo. Wakishakaa, feni inazimwa, mimi na mtoto tunapelekwa jikoni, kijiko kisigonge kikombe, wao wanafumba macho wanainua nyuso juu kama watu wanaosubiri kutiwa dawa ya macho. Muziki ukiisha wanatoa hukumu. Mimi nawaita Majaji.

Sasa katika hizo kumi na moja zipo mbili zilizotengenezwa na kampuni moja ya hukohuko kwao Urusi. Waongozaji wenyewe wana majina ambayo kila Jaji anayatamka kivyake, kwa hiyo wakawapa ya utani. Mmoja ni Mzee. Mzee hakosei. Mzee akichelewa amechelewa kwa hekima, Mzee akiwahi amewahi kwa uchungu. Mwingine ni Mpishi, kwa sababu wanasema anaikoroga simfoni mpaka inashika chini ya sufuria. Na ile ya Mzee ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, kwa hiyo kwenye sehemu ya polepole, fidla zikiwa zimeshuka mpaka unadhani mashine imezimika, kuna mtu anakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Nakijua kuliko sauti ya mlango wangu, hata Kidoti akiwa tumboni alikuwa ananipiga teke kikifika. Mfamasia alikuwa ananyoosha kidole: "Kikohozi hicho. Huyo ni mtu aliyepita vitani." Karani: "Amepita vitani kabisa!" Na mume wangu, macho yamefumba: "Kimekuja palepale. Kama kimeandikwa na mtunzi mwenyewe."

Dada, mtu alikuwa na mafua. Lakini tuendelee.

Kidoti alipokuwa na wiki tatu, mshono wangu wa upasuaji bado unanivuta nikiinama, asubuhi ya Jumanne, mume yuko kazini, bomba la ukutani likapasuka kwenye chumba cha santuri, chumba ambacho kingekuwa cha mtoto kama mtoto angezaliwa na jalada. Maji yakaingia rafu ya chini. Mimi nimekatazwa kuzigusa, nimekatazwa tangu uchumba, lakini nikizitazama zinalowa ningekuwa mtu gani? Nikamlaza Kidoti kwenye kapu la nguo, nikafunga maji, nikazitoa moja moja, nikazifuta kwa kitambaa laini kisichoacha manyoya, nikazisimamisha juu ya meza, majalada nikayaanika kwenye kamba kwa vibanio. Ili nisichanganye nikafanya kama ninavyofanya kazini, kila kipande kinapewa kijikaratasi chenye namba na jalada lake linapewa hiyohiyo. Maandishi ya kwenye santuri zile ni ya Kirusi, herufi kama viti vilivyopinduliwa miguu juu, ila tarakimu nazijua. Nikafika kwenye hizo mbili. Duara la katikati rangi moja, namba tano hapa, namba tano pale. Na kwa kazi yangu, dada, vipande viwili vya kitambaa kimoja vyenye namba moja ni jozi, cha kulia na cha kushoto cha dirisha lilelile, huhangaiki kipi ni kipi, ukivitundika vinaangaliana. Nikaandika tano, na tano.

Alipofika jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Ukuta una alama ya maji, mimi nimekaa sakafuni, mtoto ananyonya, gauni langu limelowa mpaka kiunoni. Akasimama mlangoni akauliza, "Santuri?"

Hakusema pole. Hakumuulizia mtoto.

"Zipo," nikasema.

"Umezigusa?"

"Maji hayakuzifikia."

Akashusha pumzi. "Afadhali." Ndipo akatuona, ndipo akainama akaniinua, akaniandalia maji ya moto, akafua lile gauni kwa mkono wake, lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka na mimi nilikuwa nimeshalipokea. Majalada mawili yalikuwa yamejikunja pembeni, akasema ni unyevu wa msimu.

Jumamosi kama ya tatu baada ya hapo niko jikoni, nasikia wameweka Mpishi, wanaguna kama kawaida yao, sehemu ya polepole ikafika, fidla zikashuka, na kikohozi kikatoka. Nikasimama na mwiko hewani. Kikohozi cha vitani, kwa Mpishi!

"Mnaona?" mfamasia akasema. "Hata walioingia ukumbini wamechoka naye."

"Wamechoka kabisa!" Karani. "Mtu ana mafua si abaki kwake?"

Na mume wangu: "Mpishi huyu, hata kikohozi chake kimeungua."

Halafu wakaweka Mzee, yaani jalada la Mzee, ndani yake Mpishi mwenyewe, wakafumba macho. Mfamasia akatoa leso. Nakuambia mzee wa watu alilia machozi. Mume wangu akasema kwamba leo Mzee amempeleka mahali hajawahi kufika, na kweli alikuwa hajawahi kufika, maana ilikuwa santuri nyingine. Nilicheka mpaka nikauma blanketi la Kidoti ili nisisikike. Nilikuwa silali, kifua kinauma, mgongo unauma, na hiyo ikawa starehe yangu ya wiki. Kila Jumamosi nilikuwa nasogeza kiti karibu na mlango. Nilitamani hata kuuza tiketi.

Hiyo miezi yote kaka yangu hakuwepo, alikuwa na mkataba wa kutengeneza piano za shule za mbali. Akarudi miezi miwili iliyopita, akaja Jumamosi, akambeba Kidoti kwanza, akaniambia, "Mdogo wangu, umekonda, kalale saa moja nitamshika mimi," na nikalala. Niliamshwa na kelele. Nikapita jikoni, chai ilikuwa tayari, nikachukua trei ili nipate sababu ya kuingia.

Kaka alikuwa amesimama. "Shemeji, mimi nasema nilichosikia. Huyu mliyemweka kwanza amelala. Huyu wa pili, huyu mnayemwita Mpishi, ndiye mwenye pumzi. Na kile kikohozi, si kilikuwa cha Mzee?"

Mfamasia akanyoosha kidole. "Kijana, unasikiliza muziki au wagonjwa?"

Karani akacheka mpaka akapiga paja.

Mume wangu akamwekea jalada mbele ya uso. "Soma."

"Mimi sisomi, nasikiliza."

"Basi husikii," mume wangu akasema, polepole, ile sauti yake ya kumwambia mtu kwamba jino limeoza. "Fundi wa piano asiyesikia. Ndiyo maana zile piano za mashuleni zinalia kama milango."

Kaka akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, wewe muziki huu uko nao kila wiki. Nimekosea?"

Wote wakanitazama. Nikifungua mdomo, inajulikana nilizigusa, inajulikana nilidanganya, inajulikana nilicheka. Nikasema, "Chai inapoa."

Kaka akamlaza Kidoti kwenye kochi, akamfunika miguu, akaondoka. Hajarudi tena.

Juzi amenipigia simu. Anasema alikwenda shule moja, akafungua piano, akagonga noti, akasikia iko sawa, kisha akajiuliza ni nani anayesema iko sawa. Akafunika piano akaondoka bila kukaza hata uzi mmoja. Miaka kumi na saba ya kazi! Amepata nafasi ya ulinzi kwenye stoo ya rangi, anaanza tarehe moja, na barua za kuwaaga wateja wake wote ameshaziandika, atazituma Ijumaa ijayo. Nilimwambia asifanye haraka. Akasema, "Fundi asiyejua anachosikia anawaibia watu." Mimi nikamwambia kwamba Kidoti anaota meno.

Na huku mume wangu amealikwa ukumbi wa maktaba, Jumamosi inayofuata hiyo Ijumaa, azungumze mbele ya watu jinsi ya kutofautisha rekodi ya kweli na rekodi tupu. Atapiga Mzee, atapiga Mpishi. Hotuba amenisomea, ni nzuri, ana sauti nzuri, lakini katikati ameweka kichekesho cha "fundi mmoja wa piano" ambaye hakuweza kuwatofautisha. Hatamtaja jina. Mji huu una mafundi wa piano wawili, na mwingine ana miaka themanini.

Sasa dada mimi nimefikiria hivi, nataka uniambie kama ni sawa. Mume wangu akiwa kazini nizibadilishe zile santuri nirudishe kila moja kwenye jalada lake, kimyakimya, hotuba itakuwa ya kweli, mume wangu hataaibika mbele ya watu, ndoa yangu itapona, na kaka nitambembeleza polepole arudi kwenye kazi yake bila kumweleza mengi. Au niseme? Na nikisema naanza na nani, na nitamtazamaje mume wangu akijua kwamba nimekuwa namcheka kupitia ukuta miezi yote hii na bado nampenda? Nisaidie nijue la kufanya kabla ya hiyo Ijumaa.

Ni mimi, mama mchovu.

MSHAURI ANAJIBU

Mama mchovu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliona haya kwa kucheka, nawe naomba ufike hapo kwenye mara ya pili, maana bado hujafika.

Tuwamalize Majaji kwanza, hao hawachukui muda. Mrusi wa watu hana kosa. Mtu kuisikiliza simfoni moja kwa waongozaji kumi na mmoja si wazimu, ni namna yake ya kupenda, na kuna wanaume wanapenda vitu vya hatari zaidi. Wazimu ni kupewa mtu mmoja mwenye masikio na kumtoa nje kwa sababu karatasi inasema vinginevyo. Wanaume watatu wazima wamefumba macho, mmoja mpaka machozi, kwa ajili ya kipande cha kadibodi. Huyo karani simhesabu hata, ukimwondoa mfamasia na yeye anazimika. Mumeo anaona kosa la unywele kwenye jino la mtu mwingine, lakini la ukubwa wa okestra nzima limempita sebuleni kwake.

Nimemaliza nao. Sasa njoo wewe.

Pole kwa ile Jumanne. Mwanamke mwenye mshono mbichi anaokoa mali ya mtu, halafu anaulizwa mali kabla ya kuulizwa uhai. Hasira yako ilikuwa halali, na kama ungemrushia kapu la nguo siku ile, ukishamtoa mtoto ndani, nisingekulaumu. Hata uongo wako wa siku ile nauelewa. Kuchanganya santuri si dhambi kabisa, ni kosa la kazi, fundi wa mapazia ameona jozi.

Lakini hasira yako uliipeleka wapi? Mumeo haikumgusa hata siku moja. Alikuwa anakula, anafumba macho, anasafirishwa na Mzee wake wa uongo, raha mstarehe. Wewe ndiye uliyesogeza kiti mlangoni kila wiki kumtazama mtu unayelala naye akijidhalilisha bila kujua. Unawaita Majaji, na wewe ulikuwa unahukumu ukiwa jikoni, tena wewe ulikuwa na ushahidi ambao wao hawakuwa nao. Wao walimfukuza kaka yako kwa ujinga. Wewe ulimwacha afukuzwe huku unajua.

Tena hakuomba umtetee. Alikuuliza swali la ndiyo au hapana, mbele ya watu waliomcheka, huku ametoka kukulelea mtoto ili ulale. Ukamjibu habari za chai! Siwezi kuipamba hiyo, na wewe usijaribu.

Sasa huo mpango wako wa kurudisha santuri kimyakimya. Ndio ulionikasirisha kuliko yote, kwa sababu unaonekana wa upole. Umefikiria utafanya nini hasa? Ukizirudisha, Mzee atakuwa Mzee kweli, Mpishi atakuwa Mpishi kweli, na hakutakuwa na kitu chochote duniani kitakachoonyesha kwamba siku ile kaka yako alisikia vizuri. Utakuwa umezika ushahidi pekee alionao. Mumeo atasimama maktaba akiwa na haki, kichekesho kitachekesha, na fundi wa miaka kumi na saba atakaa getini kwa watu akiamini ameharibika masikio. Utamwepusha mumeo na aibu ya jioni moja kwa gharama ya maisha ya kaka yako. Na hayo ndiyo unayaita kumbembeleza polepole. Usiziguse. Zibaki zilivyo, zimekosewa hivyohivyo, mpaka mwenyewe azione.

Unauliza uanze na nani. Anza na kaka. Si kwa simu, kwenye simu utamwambia tena habari za meno ya mtoto. Beba mtoto wako uende, na uende ukijua kwamba anaweza kukufungia mlango. Ana haki hiyo. Ukae nje mpaka afungue.

Zamu ya mumeo ni jioni hiyohiyo, kabla hujapata usingizi wa kukushauri vinginevyo. Wale wenzake wasiwepo. Hutamwaibisha mbele yao, kwa sababu hilo halitamsaidia kaka yako, litakufurahisha wewe tu, nawe furaha ya namna hiyo umeshakula ya kutosha. Mtolee santuri zote mbili, na majalada yake, umwambie: siku bomba lilipopasuka nilizigusa zote, nilikuwa na mtoto wa wiki tatu, hizi mbili nikazikosea. Yale maandishi ya Kirusi si lazima ayajue. Azitazame tu herufi moja moja kwa ile lenzi yake ya meno, alinganishe na jalada, ataona. Kisha mwambie na lile unaloficha zaidi, kwamba umekuwa ukimcheka. Hilo litamuuma kuliko santuri. Acha limuume. Na ukimaliza mwambie kwa nini, mwambie neno lake la kwanza siku ile lilikuwa nini, maana nina hakika halikumbuki. Usipige kelele. Umesema alikufulia gauni, basi si mtu wa kushindikana kuzungumza naye.

Atakasirika siku kadhaa, pengine atahamia kwenye hicho chumba na santuri zake. Atatoka. Akitoka, lake ni moja: aende mwenyewe kwa shemeji yake, na mfamasia na karani awachukue, wakaseme mbele ya mtu waliyemtukana kwamba walikosea. Wakitaka wapeleke na hizo santuri wakamwombe awafundishe kusikiliza. Hotuba ya maktaba si kazi yako kuizuia, yeye ni mtu mzima. Akitaka kusimama aeleze watu jinsi jalada lilivyomdanganya miezi saba au minane, itakuwa hotuba nzuri kuliko hiyo aliyoandika, na mimi nitakwenda kuisikiliza. Lakini akishupaza shingo akasimama na kichekesho chake kilekile, wewe uwe umekaa hapo ukumbini, kiti cha mbele, mtoto mapajani. Akifika kwenye "fundi mmoja wa piano", nyanyua mkono na uwaeleze watu. Ndoa inayovunjwa na ukweli wa namna hiyo ilishapasuka siku nyingi, na ya kwako sidhani kama imepasuka. Imelowa tu.

Na wewe bwana wa meno, nimeficha nilichoweza kuficha, ila ukijitambua umejitambua. Mkeo ana makosa na nimemwambia. Wewe kabla hujamuuliza alizigusaje, kaa chini ujiulize kwa nini mtu mwenye mshono aliona ni salama zaidi kukudanganya kuliko kukwambia ameziokoa santuri zako.

Mama mchovu, gazeti hili lina barua nyingi zilizotangulia yako, na wenyewe wataninunia, lakini nimeitoa leo Jumatano kwa sababu Ijumaa haingojei mtu. Kama umekaa, inuka. Ukifika kwa kaka yako usizunguke. Usianze na bomba, usianze na mshono, wala uchovu, hizo ni sababu, na sababu zitapata siku yake. Anza hivi: "Kaka, ulisikia sawasawa, na mimi nilijua." Ukishasema hivyo nyamaza, na lolote atakalokujibu, lipokee.